Nani, au Nini?

Huenda ukaona ajabu kwamba mtu mzima mwenye mvi na wajukuu ameketi kuandika habari za jiko la gesi lililokataa kunyamaza. Kama jiko hilo lingeharibu chakula peke yake, nisingeandika neno. Lakini liliharibu jambo jingine, ambalo fundi wa majiko hana kifaa cha kulitengeneza.

Nyumba yetu ipo Shinyanga mjini. Kwa miaka mingi tulipikia mkaa kama majirani zetu wengi, mpaka watoto wetu walipojichanga wakamnunulia mama yao jiko la gesi. Ni jiko la kioo lenye vichomeo vitatu. Gesi hutoka katika mtungi, na umeme hutoka ukutani. Umeme huo si wa kupikia, ni wa kutoa cheche tu. Ukibonyeza kitufe na kukizungusha, husikika ta-ta-ta-ta, cheche huruka, moto hushika, nawe ukiachia kitufe sauti hukoma.

Asubuhi moja ya masika haikukoma. Mke wangu alikuwa amekwenda msibani Maswa, na nyumbani tulikuwa mimi na binti mmoja aliyekuwa akitusaidia kazi, mtoto wa watu kutoka upande wa Geita. Nilizinduliwa usingizini na mlio ule. Nilipofika jikoni niliona vitufe vyote vimefungwa, moto haukuwapo, lakini vichomeo vyote vitatu vilikuwa vikitoa cheche mfululizo, ta-ta-ta-ta, kana kwamba mtu asiyeonekana ameshikilia kitufe. Binti alikuwa amesimama kando, mikono ameifumbata kifuani.

Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa hili: “Nani amelichezea jiko hili?”

Tazama vizuri swali hilo. Sikuuliza nini kimetokea. Niliuliza nani; na kwa kuwa nyumbani tulikuwa wawili, nami nilikwisha kujitoa katika hesabu, swali lenyewe lilikuwa hukumu. Binti aliinamisha kichwa asijibu. Kwa malezi yetu kijana hamkodolei macho mzee anayegomba, wala hamjibu neno kwa neno. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyowafunza wanangu. Lakini asubuhi ile adabu yake niliisoma kuwa kukiri kosa.

Nikachomoa waya ukutani, mlio ukakatika. Jioni nikauchomeka tena, ukarudi vilevile. Jirani mmoja aliyekuja kunisalimu alisikiliza, akatikisa kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kitu kujiendesha chenyewe si jambo la kawaida, na kwamba hawa mabinti wanaotoka sehemu za machimbo huwezi kujua wametumwa na nani. Nilicheka. Lakini sikumkanya, na kucheka bila kukanya ni nusu ya kukubali. Usiku ule nilimwita binti, nikamwambia kwamba fedha ya fundi itakatwa katika mshahara wake. Akasema, “Sawa, baba.” Kulipokucha hakuwapo. Kanga aliyopewa na mke wangu aliiacha kitandani, imekunjwa vizuri.

Fundi alikuja saa nne. Alikuwa kijana mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, nami nilikuwa tayari kumsimulia habari za binti aliyeharibu jiko akatoroka. Hakunipa nafasi. Kwanza alifunga mtungi wa gesi. Kisha alinusa, juu na chini, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni. Na ile harufu mbaya tunayoisikia imetiwa makusudi kiwandani, kwa kuwa gesi yenyewe haina harufu ya kutuonya. Akaniambia kwamba kama ningesikia harufu ile huku cheche zinaruka, nisingepaswa hata kugusa swichi wala waya wa ukutani. Ningefunga mtungi, nifungue milango na madirisha, nitoe watu nje. Aliporidhika kwamba hakuna harufu ndipo alipohakikisha waya umechomolewa, akaanza kung'oa vitufe kimoja kimoja na kuvipanga mezani.

Halafu aliniuliza swali ambalo sijalisahau. “Baba, hapa kilimwagika nini?”

Alinionyesha. Chini ya kitufe cha kichomeo kidogo, cha nyuma, palikuwa na utando wa rangi ya kahawia, unaonata kama gundi. Akakwangua kidogo kwa kucha, akanusa. “Maziwa,” akasema, “na sukari ndani yake.”

Akanieleza jinsi jiko lile lilivyoundwa. Nyuma ya kila kitufe ipo swichi ndogo. Swichi zote zimeunganishwa kwa waya mmoja unaokwenda kwenye kisanduku kinachotengeneza cheche. Basi swichi moja ikiguswa, vichomeo vyote hutoa cheche pamoja. Ndiyo maana anayetazama juu ya kioo hawezi kujua ubaya uko wapi; vichomeo vitatu vinapiga kelele kwa sababu ya swichi moja iliyojificha. Unyevu ukiingia katika swichi hiyo, au uchafu ukaizuia isirudi mahali pake, umeme unapita kana kwamba mtu amebonyeza. Hakuna mtu. Kuna maziwa.

Alifanya kazi taratibu. Alifuta utando kwa kitambaa kilicholowanishwa na kukamuliwa sana, kisha kwa kikavu. Alisugua kwa mswaki mkavu ncha ndogo zinazorusha cheche, akazibua matundu ya vichomeo kwa kijiti cha meno, akarudisha vifuniko na kuhakikisha kila kimoja kimekaa sawa, maana kifuniko kilichopinda nacho huifanya cheche ikose njia. Kisha akaniagiza niliache jiko wazi mpaka alasiri, likauke. “Watu wengi,” alisema, “wakisikia mlio hulimwagia maji walisafishe, wakazidisha ugonjwa.” Akasema pia kwamba mlio ukirudi, swichi ile moja ibadilishwe; hakuna haja ya kununua jiko jingine. Alasiri tulichomeka waya. Jiko lilikuwa kimya. Tukawasha, likawaka. Tukaachia, likanyamaza.

Fundi akaenda zake. Mimi nikabaki nimekaa jikoni, maana nilikuwa nimekumbuka.

Usiku wa kuamkia asubuhi ile nilikosa usingizi. Niliona vibaya kumwamsha mtoto wa watu usiku wa manane, nikaingia jikoni mwenyewe kupasha maziwa. Niliyatia sukari humohumo sufuriani, nikaweka kwenye kichomeo kidogo cha nyuma, nikatoka kidogo kusikiliza mvua. Niliporudi yalikuwa yamefurika. Nilifuta juu ya kioo mpaka kikang'aa, nikanywa yaliyobaki, nikalala. Ama kweli, nyani haoni kundule. Nilikuwa nimefuta juu, nikaacha chini. Na kesho yake nikauliza nani.

Ninaweza kujitetea kwamba nilisahau. Lakini kusahau huko hakukuwa bahati mbaya tupu. Kama ningeanza na swali la nini, hata la kipumbavu, kwa mfano “hapa pameloa nini?”, kumbukumbu ingenirudia palepale, maana swali la nini hupita katika vitu, na vitu havina cheo. Swali la nani hupita katika watu; na katika watu daima yuko aliye juu na aliye chini. Nalo hufuata mteremko kama maji ya mvua, likatuama kwa aliye chini kuliko wote. Katika nyumba litatuama kwa mtumishi. Katika kijiji litatuama kwa mjane mzee asiye na mtoto wa kumsemea.

Sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Sisi wa Usukuma tunajua ninachosema. Kwa miongo mingi katika mikoa hii wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa kuwa wachawi, na alama iliyotajwa sana ilikuwa macho mekundu. Mtoto akifa, ng'ombe wakifa, palizuka swali: nani? Mpiga ramli hakutaja mbu wala maji machafu. Alielekeza upande, alitaja umbo, na watu walijimalizia wenyewe. Haya macho mekundu yalitoka wapi? Nchi ya Shinyanga ilikuwa imepoteza miti mingi. Misitu ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, mpaka ulipoanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, wa kuotesha miti na kurudisha ngitili za wazee wetu. Akina mama walipikia vijiti, mabua, hata samadi iliyokauka, ndani ya vibanda visivyo na dirisha. Mwanamke aliyewapikia wengine kwa miaka hamsini katika moshi huo, macho yake yangekuwa ya rangi gani? Jibu la nini lilikuwapo jikoni, linatoka nje kupitia paa kila jioni, wote wakiliona.

Na Geita je? Huko dhahabu imo katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Mchimbaji mdogo hufuata mshipa wa dhahabu wiki na wiki, halafu mshipa unakatika ghafla. Ulikatwa na mpasuko wa mwamba uliotokea kabla ya kuwapo binadamu yeyote duniani, achilia mbali jirani mwenye husuda. Lakini mtu aliyekopa fedha ya chakula na ya kamba hawezi kuudai mpasuko wa mwamba. Anamtafuta aliyemfungia bahati, au dawa ya kuifungua. Katika tamaa hiyo, hasa tangu mwaka 2007, ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo katika Kanda ya Ziwa, kwa sababu waganga waliwaambia watu kwamba utajiri hupatikana kwa njia hiyo. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli Januari 2015. Ilikuwa haki kufanya hivyo. Lakini ramli yenyewe haikai katika vibuyu peke yake. Mimi sikuwa na kibuyu jikoni kwangu. Nilikuwa na swali tu.

Hata hivyo nisiwe mwepesi wa kuwacheka wanaouliza nani. Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Waazande, alieleza habari ya ghala la nafaka linaloanguka na kuwaumiza watu waliokaa kivulini mwake. Waazande, alisema, wanajua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachotaka kujua ni kwa nini ghala lilianguka saa ileile, juu ya watu walewale. Si swali la wajinga. Kila aliyefiwa amelia nalo: kwa nini mwanangu, kwa nini leo? Mchwa hajibu swali hilo, wala mbu, wala mwamba. Basi kwa uchungu tunamtafuta mtu wa kujibu, maana mtu angalau anaweza kulia, kuomba radhi, au kupigwa. Ukatili huanza pale tusipoweza kuvumilia kwamba maswali mengine hayana mtu ndani yake.

Wala sisemi kwamba swali la nani ni haramu. Aliyeua kikongwe kwa panga ana jina, na mahakama lazima iulize jina hilo. Bila nani hakuna haki. Ninachosema ni habari ya utaratibu: nini itangulie, nani ifuate, na nani ikifika, muulizaji aanze kujihesabu mwenyewe.

Juu ya hilo historia ya Shinyanga inatupa mfano. Miaka ya 1970, katika msako wa kukomesha mauaji yaliyohusishwa na uchawi mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu wengi walikamatwa, na baadhi yao waliteswa na kufia mikononi mwa vyombo vya dola. Hata waliokwenda kuzuia swali baya waliliuliza vibaya. Walitaka majina kabla ya ushahidi. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakumpiga mtu. Angeweza kusema maneno hayo, nayo yangekuwa kweli. Lakini mwaka 1977 alijiuzulu, kwa sababu yaliyotendeka yalitendeka chini ya wizara yake. Baadaye, mwaka 1985, alikuwa Rais wa nchi. Lakini mimi humkumbuka zaidi kwa siku ile aliyoacha kiti. Swali la nani lilikuwa likiteremka kuelekea kwa wadogo, naye akalizuia juu.

Mke wangu aliporudi kutoka Maswa nilimweleza yote, hata habari ya maziwa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Mshahara wake uko wapi?” Nikamwonyesha. Akasema, “Basi upeleke.”

Nilikwenda. Nilipita Mwanza, nikavuka ziwa kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025. Zamani pale tulingoja kivuko kwa saa nyingi. Nikapita Sengerema mpaka Geita, nikaulizia, nikaelekezwa kijijini. Nilifika asubuhi. Aliyenipokea alikuwa bibi yake, amekaa mbele ya kibanda cha jiko, anachochea kuni mbichi. “Mwangaluka,” nikamsalimu. “Mwangaluka,” akaitikia, akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili iliyoiva.

Binti alinieleza baadaye, akiwa ameinamisha kichwa vilevile. Bibi huyo hakuzaliwa kijiji kile. Alihamia usiku, miaka mingi nyuma, baada ya kufa mtoto wa jirani na watu kuanza kuuliza nani. Hakuna aliyemgusa, aliondoka kabla ya swali halijafika mlangoni. Mjukuu alilelewa na fundisho hilo: ukisikia watu wanauliza nani, nawe ndiwe mdogo kuliko wote pale, usingoje jibu. Mimi nilidhani amekimbia kwa sababu ana kosa. Alikimbia kwa sababu anaijua nchi.

Nilimpa mshahara wake wote, na nauli, na nikamwambia mbele ya bibi yake kwamba aliyemwaga maziwa ni mimi. Bibi alinitazama kwa muda, kisha akaangua kicheko, akasema jambo kwa Kisukuma ambalo binti alikataa kunifasiria. Nilimwomba binti arudi. Alijibu kwa adabu kwamba atafikiri. Hakurudi, na sikumlaumu. Kuomba radhi ni kulipa deni. Si kununua kitu.

Siku hizi serikali inao mkakati wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unaokusudia kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Ninauombea ufanikiwe, na katika kuuombea huwa nayaona macho ya yule bibi. Lakini jiko jipya halitutoi tabia ya zamani. Mimi nilikuwa na gesi, kioo na umeme, nami nilihukumu kama mtu aliye ndani ya moshi.

Jiko letu bado lipo. Limewahi kulia tena mara moja, mjukuu wangu alipofurisha uji. Nilikuwa sebuleni. Nilinyanyuka, na ninakiri kwamba ulimi ulikwisha kutamka “Na…”. Nikausimamisha hapo. Nikaingia jikoni, nikafunga mtungi, nikanusa, nikachomoa waya, nikamwita mtoto asogee karibu. “Njoo tuangalie,” nikamwambia. “Hapa pamemwagika nini?”

Akaniambia palepale, bila hofu. Tukachukua kitambaa tukafuta pamoja, juu na chini.